Daktari Aliyepima Kinyesi: Denis Burkitt, Uganda na Hadithi ya Pumba

Msomaji, hebu nikuulize swali ambalo pengine hujawahi kuulizwa hata na daktari wako: choo ulichopata jana kilikuwa na uzito gani?

Usicheke, wala usifunge ukurasa. Kuna daktari aliyezunguka Ulaya na Marekani akiuliza maswali ya namna hii mbele ya maprofesa waliovaa tai, huku akiwaonyesha ukutani picha za kinyesi alizopiga vijijini Afrika. Hakuwa mtu wa mzaha. Jina lake lilikuwa tayari kwenye vitabu vya saratani, na mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza, heshima ambayo wanasayansi wengi huiota tu. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake baada ya hapo aliitumia kwa jambo moja: kuwaambia watu kwamba magonjwa mengi ya tumbo yanaanzia kwenye kile tunachokiondoa kwenye nafaka na kuwapa kuku.

Huyo ni Denis Burkitt. Nataka nikusimulie habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza, sayansi yake ilizaliwa hapa kwetu, Uganda, kwa kutazama miili na milo ya watu wa hapa. Ya pili, swali aliloliuliza halijafungwa, na sasa hivi sisi wenyewe ndio tunaolijibu, iwe tunajua au hatujui.

Jicho moja, ramani nyingi

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa wilaya aliyependa ndege. Aliwafunga ndege wa bustanini pete ndogo za chuma miguuni ili ajue kila mmoja anaishi wapi na mpaka wake unaishia wapi, kisha akachora ramani. Kumbuka hilo la ramani, tutalirudia.

Akiwa na miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto na akapoteza jicho la kulia. Alianza chuo Dublin akisoma uhandisi kama baba yake, akabadilisha njia, akahitimu udaktari mwaka 1935, na mwaka 1938 akawa daktari bingwa wa upasuaji. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa: daktari wa upasuaji mwenye jicho moja? Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi halikuwa na anasa ya kuchagua. Likamchukua, na katika utumishi huo akafika Kenya na Somalia. Afrika Mashariki haikuwa ngeni kabisa kwa ukoo wao, maana baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari Nairobi kwa miaka mingi.

Mwaka 1946 hatimaye alipata kazi Uganda, akapelekwa Lira, kaskazini. Huko alikutana na wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angepasua, akashona, akaendelea na foleni. Burkitt naye alipasua, lakini alianza pia kuuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Akagundua kitu cha ajabu: upande mmoja wa wilaya mabusha yalikuwa ya kawaida kabisa, upande mwingine yalikuwa nadra. Watu wale wale, hospitali ile ile, daktari yule yule. Tofauti ilikuwa mahali, na mahali palihusiana na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Mwaka 1951 alichapisha matokeo hayo katika jarida la Lancet.

Hapo ndipo ulipo mtindo wake wote. Daktari wa kawaida huuliza, "Mgonjwa huyu ana nini?" Burkitt aliuliza pia, "Ugonjwa huu uko wapi, na *haupo* wapi?" Swali la pili linaonekana la kitoto. Ndilo lililomfanya ajulikane duniani.

Uvimbe wa taya

Mwaka 1957, sasa akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na daktari mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto wa miaka mitano hivi. Taya zote za mtoto yule zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuna aliyeelewa. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, Burkitt akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina ile ile. Mmoja ni kioja. Wawili ni ishara. Akaanza kupekua kumbukumbu, na wagonjwa wakaongezeka. Mwaka 1958 akaandika makala ya kwanza kuhusu saratani hiyo ya watoto.

Kisha likaja lile swali lake: haipo wapi? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na mwezi Oktoba 1961 akaondoka Kampala na madaktari wenzake wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, kwa gari kuukuu la Ford. Walikwenda kusini kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000 kwa wiki 10 hivi, wakisimama hospitali moja baada ya nyingine kuuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Ramani waliyorudi nayo ilionyesha mkanda unaokatisha Afrika, ukifuata joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao. Leo tunajua kwamba malaria inachangia, na kwamba kuna kirusi ndani yake: Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akihutubia London mwaka 1961, alianza kupokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr. Saratani yenyewe inaitwa limfoma ya Burkitt.

Angeishia hapo, angekuwa na jina la kutosha. Ila hadithi ya tumbo ndiyo kwanza inaanza.

Nahodha wa pumba

Mwaka 1966 Burkitt aliondoka Uganda akaajiriwa London na Baraza la Utafiti wa Tiba. Mwaka uliofuata, mtaalamu maarufu Richard Doll alimkutanisha na mtu ambaye wengi walimwona ana kichaa kidogo: Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini. Wakati wa vita Cleave alikuwa kwenye meli kubwa ya King George V, ambako mboga mbichi zilikuwa shida na mabaharia walikuwa hawapati choo. Akawapa pumba za ngano. Wakapata nafuu. Tangu hapo akajenga nadharia kubwa: kisukari, unene, mawe ya nyongo, bawasiri, kuoza meno, yote ni matawi ya mti mmoja, na mzizi wake ni sukari na unga uliokobolewa.

Madaktari wengi walimpuuza. Burkitt hakumpuuza, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Alikuwa amepasua matumbo Uganda kwa karibu miaka 20. Alijua alichokiona, na zaidi alijua *asichokiona*. Kidole tumbo, ambacho Uingereza kilikuwa miongoni mwa sababu kuu za upasuaji wa dharura, kwa wanavijiji wa Uganda alikutana nacho mara chache sana. Saratani ya utumbo mpana, nadra. Vile vifuko vidogo vinavyochomoza kwenye ukuta wa utumbo mpana na kuwasumbua wazee wa Ulaya, hata maiti zilizopasuliwa Mulago hazikuwa navyo. Trowell, yule yule aliyemwita kumtazama mtoto wa taya, alikuwa ameshaandika kitabu kizima mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, kikiwemo kile kisichoonekana.

Burkitt alichukua wazo la Cleave lakini akaligeuza. Cleave alilaumu kilichobaki baada ya kukoboa, yaani wanga mweupe na sukari. Burkitt akaangalia kile *kilichotupwa*. Akakiita nyuzinyuzi, kwenye vijarida vyetu vya lishe utakuta pia neno makapimlo. Ni sehemu za mmea ambazo vimeng'enya vyetu haviwezi kuzisaga: maganda ya nafaka, kuta za seli za majani, maharage, matunda. Wakati huo vitabu vya lishe viliziona kama takataka. Hazikupi nguvu, hazina vitamini, zinapita tu. Kumbe kupita kwenyewe ndiyo kazi yake.

Mizani, vifuko na barua

Sasa tazama alivyofanya utafiti, maana kwa mwanafunzi hapa ndipo penye utamu. Hakuwa na maabara ya kifahari. Alikuwa na vitu vitatu.

Cha kwanza ni barua. Wakati wake Uganda alikuwa amefahamiana na madaktari wengi wa hospitali za misheni, na imani yake ya Kikristo ilimfungulia milango mingi. Sasa akawa anatuma fomu fupi kila mwezi kwa hospitali zaidi ya 100, nyingi zikiwa za Afrika: mwezi huu mmeona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo? Saratani ya utumbo? Bawasiri? Fomu yenyewe ilikuwa fupi kiasi kwamba daktari aliyechoka angeijaza akinywa chai.

Cha pili ni mizani. Cha tatu ni vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei. Mtu anavimeza, kisha kila choo chake kinawekwa kwenye mfuko, kinapimwa uzito, kinapigwa eksirei, na vipande vinahesabiwa hadi vimalizike. Hivyo unajua chakula kinachukua muda gani kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari. Kazi hiyo haina harufu nzuri, lakini haidanganyi.

Matokeo waliyoyachapisha Burkitt, Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa London mwaka 1972 katika Lancet yalikuwa ya wazi kabisa. Kundi la mabaharia wa Uingereza na wake zao lilitoa wastani wa gramu 100 na kidogo kwa siku, na safari ya chakula ilichukua zaidi ya saa 80, yaani siku tatu na ushei. Wanavijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470, na safari ilichukua kama saa 36. Zaidi ya mara nne kwa uzito, chini ya nusu kwa muda.

Burkitt alipenda kuwaambia wasikilizaji wake kwamba watu wakipata choo kidogo watahitaji hospitali kubwa, na wakipata choo kikubwa hospitali ndogo zitatosha. Kichekesho, ndiyo. Lakini ndani yake kulikuwa na shutuma. Alikuwa na mchoro mwingine aliopenda kuuonyesha: madaktari wanapiga deki sakafu iliyofurika, kwa bidii zote, na nyuma yao bomba liko wazi linamwaga maji. Hakuna aliyegeuka kulifunga.

Kwani inafanyaje kazi?

Maelezo ya Burkitt yalikuwa ya kifundi zaidi, kama ya mtoto wa mhandisi. Nyuzinyuzi zinashika maji. Kinyesi kinakuwa kikubwa na laini, utumbo hausukumi kwa nguvu. Kikiwa kidogo na kigumu, utumbo unabana kama mkono unaokamua dawa ya meno iliyokauka. Ukuta unachomoza vifuko, mishipa ya haja kubwa inavimba, na wakati huohuo kemikali mbaya zinakaa siku nyingi zikigusana na ukuta wa utumbo.

Leo tunajua kuna sura nyingine ambayo hakuwa na vifaa vya kuiona vizuri: bakteria. Mamilioni kwa mamilioni wanaoishi kwenye utumbo mpana ndio wanaokula kile tusichoweza kusaga. Wakila, wanatengeneza asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana na husaidia kutuliza uvimbe wa ndani. Kwa hiyo unapokula maharage na ugali wa dona humlishi mtu mmoja. Unalisha kijiji. Na sehemu ya uzito wa kile kinyesi cha gramu 470 ni miili ya wanakijiji hao.

Pale hoja ilipoyumba

Ningekuachia hapa ungeondoka na hadithi tamu ya shujaa. Tusifanye hivyo. Hoja ya Burkitt ilikuwa na matobo, na mengine ni makubwa.

La kwanza: ugonjwa usioandikwa si lazima uwe haupo. Mwanakijiji wa mwaka 1955 mwenye saratani ya utumbo huenda alifia nyumbani, mbali na hospitali. Fomu ya kila mwezi haiwezi kumhesabu mtu asiyefika. La pili: saratani ya utumbo ni ya watu wazima zaidi, na kama watu wengi hawafiki uzeeni, utaiona mara chache hata kama chakula hakina msaada wowote. Burkitt alilijua hili. Alijibu kwamba kidole tumbo ni ugonjwa wa vijana, na bado kilikuwa nadra. Alijibu pia kwamba Wamarekani weusi, wenye asili ya Afrika, walikuwa wanaugua saratani hii sawa na majirani zao weupe, kwa hiyo si suala la damu. Majibu mazuri. Hayafuti swali lote.

La tatu: kati ya kijiji cha Uganda na mji wa Uingereza kuna tofauti elfu moja, si pumba tu. Kutembea, nyama, sukari, sigara, uzito wa mwili, minyoo, dawa. Ukilinganisha nchi na nchi, kila kitu kinatembea pamoja. Na alizungumza mno kuhusu "Afrika" kana kwamba ni sahani moja. Mfugaji anayeishi kwa maziwa na nyama, mvuvi wa pwani na mkulima wa ndizi wa Buganda hawali chakula kimoja.

Utafiti wa baadaye ulimpa misukosuko. Mwaka 1999, ufuatiliaji wa wauguzi wa kike zaidi ya 88,000 Marekani haukuona nyuzinyuzi zikiwakinga na saratani ya utumbo. Mwaka 2000, majaribio mawili ya kugawa washiriki kwa bahati nasibu, moja likitumia pumba za ngano, hayakuzuia vinyama viitwavyo polipi kurudi. Magazeti yakasema nyuzinyuzi zimekwisha. Halafu mwaka 2003 utafiti mkubwa wa nchi 10 za Ulaya, wenye watu zaidi ya 500,000, ukaona kinyume: waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani hiyo kwa uchache. Kuhusu vile vifuko vya utumbo, utafiti wa mwaka 2012 kwa watu waliochunguzwa kwa kamera ulikuta walaji wa nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na vifuko vichache. Walikuwa navyo zaidi. Hilo Burkitt asingelitabiri.

Mwaka 2019 uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani ulikusanya tafiti 185 za ufuatiliaji na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo vichache, na uchache wa magonjwa ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana. Kiwango kizuri kilionekana kuanzia gramu 25 hadi 29 kwa siku. Basi tuseme hivi: kwenye mwelekeo mkuu Burkitt alikuwa sahihi, kwenye maelezo kadhaa alikosea, na alikuwa na hakika kuliko ushahidi wake ulivyoruhusu. Wanasayansi wengi wazuri ukiwachunguza utakuta wako hivyo hivyo.

Tobo la mwisho si la takwimu. Wale wanavijiji waliomeza vipande vya plastiki na kukabidhi mifuko yao, majina yao hayapo popote kwenye hadithi hii. Waliopika mtama, waliochemsha ndizi na maharage, ambao milo yao ndiyo iliyokuwa "dawa" yenyewe, wamebaki kuwa wastani kwenye jedwali. Maarifa yalitoka kwenye vyungu vyao, yakaenda London, yakageuka pakiti za nafaka za asubuhi zenye maandishi ya afya, na leo zinauzwa dukani kwetu kwa bei ya mtu mwenye mshahara.

Jaribio sasa liko kwetu

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza. Hakuwahi kufanya jaribio ambalo lingeyapima madai yake barabara: kuchukua watu wale wale na kuwabadilishia sahani. Limefanywa baada yake.

Mwaka 2015, watafiti walichukua Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini, wakawabadilishia milo kwa wiki mbili. Wamarekani wakapanda kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, na butireti yao ikaongezeka zaidi ya mara mbili, uvimbe wa utumbo ukapungua. Waafrika Kusini waliopewa chakula cha Kimarekani wakaenda upande wa pili. Wiki mbili tu!

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine likachapisha jaribio la karibu zaidi na nyumbani. Wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro walishiriki, kazi ikiongozwa na watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi. Waliozoea chakula cha asili walihamishiwa chakula cha mtindo wa Magharibi kwa wiki mbili, na waliozoea chakula cha mtindo huo wakahamishiwa cha asili: mboga, jamii ya kunde, ndizi, nafaka. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha Magharibi, damu yao ilionyesha alama zaidi za uvimbe na kinga yao ikadhoofika kukabili vijidudu. Waliorudi kwenye cha asili, na hata wale wa mbege, walielekea kwenye nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. (Kabla hujakimbilia kilabuni: mbege ina kileo, na wiki moja si ruhusa ya maisha.)

Wakati huohuo, kumbukumbu za Muhimbili na Ocean Road zimeonyesha wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana wakiongezeka kati ya 2005 na 2015. Hapa tumia akili ile ile tuliyoitumia kumhoji Burkitt: sehemu ya ongezeko ni kwamba sasa tunapima zaidi na watu wanafika hospitali, na watu wanaishi miaka mingi zaidi. Lakini si rahisi kusema ndiyo maelezo yote, huku sembe nyeupe ikiwa ndiyo ugali wa heshima, dona ikiitwa ugali wa shule na jela, na soda ikiwa ndiyo ishara ya mgeni kupokelewa vizuri.

Unaona kilichotokea? Burkitt alilinganisha Uganda na Uingereza kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Sisi tunaweza kumlinganisha bibi na mjukuu wake, ukoo mmoja, miaka 50 tofauti. Tunafanya jaribio lake kwa kurudi nyuma, bila fomu ya ridhaa, bila daftari. Na kama hakuna anayeandika, baada ya miaka 50 mtu mwingine atakuja kutoka mbali kutuambia tulikuwa tunakula nini.

Kwa hiyo sikuambii tu ule dona, ingawa ni vizuri ukila, mradi mahindi yake yamekaushwa na kutunzwa vizuri, maana sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Sikuambii pia kwamba kila kitu cha babu kilikuwa dawa. Ninachokuomba, hasa kama unasoma udaktari, lishe, uuguzi au takwimu, ni kuchukua kile kidogo alichokuwa nacho Burkitt: fomu fupi, mizani, ramani, na ule ubishi wa kuuliza ugonjwa haupo wapi. Nenda hospitali ya wilaya ya kwenu. Yapo madaftari ya wodi ya upasuaji ya miaka mingi, yanaliwa na mchwa stoo. Rekodi za hospitali ya Mengo, Kampala, zilizoanza mwaka 1897, ndizo zilizowawezesha watafiti wa miaka ya 1960 kusema chochote cha uhakika kuhusu saratani ya zamani Uganda. Aliyeziandika hakujua zitamfaa nani.

Omba ruhusa, futa vumbi, anza kuhesabu wagonjwa wa kidole tumbo mwaka hadi mwaka. Ukikuta jibu linalompinga Burkitt, liandike hivyo hivyo.